Nataka kupasua trekta ya MF 290 hapa hapa nyumbani, Mlali ya Kongwa: klachi inateleza

Mkulima wa Mlali

Wakuu habari za humu. Wakubwa zangu shikamooni.

Nina trekta ya Massey Ferguson 290, ile ya injini ya Perkins silinda nne, nilinunua mkononi kwa mtu. Msimu uliopita ilianza tabia. Barabarani inakimbia vizuri tu, ila ukishusha plau kwenye udongo mzito injini inapandisha sauti, moshi unatoka, trekta yenyewe inasota pale pale. Ukinyanyua plau inaondoka kama haijatokea kitu. Harufu ya kuungua unaisikia hata ukiwa umesimama pembeni ya shamba. Cha ajabu, nikifunga mashine ya kupukuchua mahindi inapiga kazi siku nzima, na mikono ya haidroli inanyanyua kama kawaida.

Fundi mmoja wa Kibaigwa kaja, kaendesha kidogo, kasema klachi imekwisha, lazima trekta ipasuliwe katikati, yaani injini itenganishwe na gia boksi. Hapo sina ubishi. Shida ni kwamba anataka ipelekwe karakana, na nikiuliza bei ya lori la kuibeba kwenda na kurudi naona inakaribia bei ya spea zenyewe. Mvua zetu mnazijua, msimu ni mmoja, zikianza Desemba kila mtu anataka shamba lake lipigwe wiki hiyo hiyo. Nataka niimalize sasa hivi wakati watu bado wanauza mahindi.

Nyumbani nina uwanja wa udongo mgumu uliotulia, jeki ya chupa ya tani kumi, jeki ya magurudumu ya kuazima, spana za kutosha na vijana wawili wa nguvu. Pia kuna mkwaju mkubwa una tawi nene, jirani ananishauri nifunge cheni bloku (winchi ya cheni) pale ninyanyue upande wa injini.

Naombeni uzoefu wenu. Inawezekana bila sakafu ya saruji? Oili ya gia namwaga au naacha? Na upande wa mbele ukishaachana na gia boksi unashikwa na nini?

Kijana wa Veyula

Mkuu kabla hujapasua, angalia mchezo wa pedali. Kanyaga kwa mkono, siyo kwa mguu. Lazima kuwe na sehemu mwanzoni pedali inashuka bila kusukuma chochote. Kama hakuna, maana yake rilizi beringi, ile inayosukuma klachi iachie, inagusa vidole vya klachi muda wote, klachi haishiki sawasawa, itateleza hata kama sahani yake ya msuguano ni mpya. Hiyo ni kazi ya kurekebisha fimbo ya nje tu, nusu saa umemaliza na unakunywa chai. Nimeona watu wamepasua trekta kumbe ni fimbo.

Mkulima wa Mlali

Ahsante kaka. Hilo tulianza nalo. Mchezo upo, na fimbo imeshasogezwa mpaka nyuzi zimeisha. Inateleza vile vile.

Fundi wa Kizota

Basi hiyo ni ya kupasua. Nimezifungua hizi Massey 290, 265 na 240 nyingi tu, zaidi ya nusu vijijini na siyo karakana, kwa hiyo usiogope udongo. Ogopa vitu vingine nitakavyokuambia.

Kwanza uelewe unachokifungua. Klachi ya trekta yako ni mbili ndani ya nyumba moja. Ukikanyaga pedali nusu, unaachia gia. Ukikanyaga mpaka chini unaachia na PTO (shafti ya nyuma inayoendesha mashine) pamoja na pampu ya haidroli. Ndiyo maana mashine ya mahindi inafanya kazi na mikono inanyanyua: sahani ya PTO bado nzima, iliyokwisha ni ile ya gia. Lakini ukishapasua badilisha zote mbili. Hakuna mtu anayetaka kurudia kazi hii mwakani kwa ajili ya sahani aliyoiona kwa macho yake ikiwa nusu.

Pili, kabla ya spana yoyote lala chini uangalie nyumba ya klachi, sehemu ya chini kabisa. Kuna kitundu, kwa kawaida kimechomekwa pini ya kukunja inayocheza cheza ili kisizibe. Chomoa, chokonoa matope, uone kinachotoka. Kikiwa kikavu, vumbi tupu, sahani imeisha kwa umri na matumizi. Ikidondoka oili, ipake kwenye karatasi nyeupe. Nyeusi ya masizi ni ya injini, sili (kizuia oili) ya nyuma ya krenki, shafti kuu ya injini, imekwenda. Rangi ya asali na ina uzito, hiyo ya gia boksi, sili za shafti. Usiruke hatua hii. Ukiweka sahani mpya kwenye nyumba inayovuja utapiga ekari chache halafu utarudi humu kutukana wauza spea.

Kuhusu oili ya gia: nyumba ya klachi ni kavu, kwa kupasua tu huna haja ya kumwaga. Ila kama utagusa sili za shafti, mwaga kwanza. Kumbuka oili hiyo ndiyo inayotumika na haidroli, siyo kidogo, tafuta madumu masafi ili uirudishe kama bado nzuri. Maji ya rejeta usimwage, rejeta inaondoka na injini.

Sasa sehemu ya kuua mtu. Ekseli ya mbele imeshikwa na pini moja katikati ili trekta icheze kwenye mashimo. Trekta ikiwa nzima, kinachozuia injini isilale ubavu ni gia boksi na matairi makubwa ya nyuma. Ukishatoa boliti za katikati, injini nzima na boneti yake vinakaa juu ya pini ile. Inageuka. Haitoi taarifa. Kwa hiyo kabla ya boliti ya kwanza, chonga kabari mbili za mti mgumu, zigongelee kati ya ekseli na kiti chake, moja kulia moja kushoto, mpaka ukitikisa injini kwa nguvu haichezi hata kidogo. Kisha zifunge kwa waya zisidondoke. Mbao za fremu za msonobari hapana, zinabonyea.

Uzito wa mbele kama unao, ule wa vipande, toa wote. Plau iwe imeshatoka. Matairi ya nyuma yakingwe mbele na nyuma.

Mimi nyuma naiacha imesimama, mbele ndiyo inayotoka. Chini ya gia boksi, nyuma kidogo ya kiungo, panga magogo yaliyokatwa bapa, yapishane, mapana, mpaka yanagusa. Matofali ya kuchoma na ya saruji usithubutu, yanapasuka bila kukuita. Jeki siyo nguzo, jeki ni ya kunyanyulia tu. Upande wa injini, jeki ya magurudumu inakaa chini ya sampu (bakuli la oili ya injini) kwa nyuma. Sampu ya hiyo injini ni chuma cha kumimina, inabeba, weka kipande cha ubao katikati. Kwa sababu ya udongo, jeki haitatembea, itazama. Kamuombe mchomeleaji yeyote vipande viwili vya chaneli (chuma chenye umbo la U), vilaze chini vikiwa sawa kama reli, jeki itembee ndani yake. Pima na maji kwenye mpira mwembamba, au chupa iliyolazwa, upate usawa. Kama uwanja una mteremko hata kidogo, hamia sehemu nyingine.

Unachofungua: waya wa betri kwanza, waya za stata, waya za taa, kebo ya saa ya mzunguko, fimbo ya mafuta, waya wa kuzimia, bomba za dizeli zinazovuka kiungo, eksozi kama inabana. Usukani ukiwa wa fimbo fungua fimbo, ukiwa wa mafuta fungua paipu na uzibe midomo yake na matambara safi. Ukishafungua fimbo za usukani, magurudumu ya mbele yanakuwa kama mbuzi asiye na kamba, kila moja linaelekea linakotaka. Yafunge na ubao yanyooke.

Spana ziwe za inchi. Hizi za milimita zitakaa kama zimeingia halafu zitakula kona za nati, na nati ya juu kule ikishakuwa duara utalia.

Boliti zikibaki mbili za juu, kwanza weka stadi ndefu mbili mahali pa boliti za pembeni ulizokwisha kutoa, ndipo utoe hizo mbili. Nunua boliti ndefu za nyuzi zile zile, kata vichwa, chonga mfereji wa bisibisi. Hizo ndizo zitaongoza kutoka na kurudi. Kiungo kikigoma usichomeke tindo upande mmoja ukagonga. Pande zote mbili, kidogo kidogo. Kikifunguka upana wa vidole vitatu, simama. Zunguka na tochi uone waya uliousahau. Upo. Kila mara upo.

Vuta mpaka mtu aweze kuingia na spana, halafu usimruhusu aingie mpaka magogo yawe yameshapangwa chini ya injini pia.

Cheni kwenye mkwaju, hapana. Tawi linashika tanki la maji, halishiki Perkins.

Babu wa Sagara

Marahaba kijana wa Mlali.

Fundi kamaliza mengi, mimi naongeza kwenye hilo la mkwaju. Tawi likivunjika ni afadhali, unalisikia likilia. Hatari ni kwamba tawi linacheza. Nilishuhudia kwa jirani: wamenyanyua kidogo tu, cheni ikajivuta pembeni kwa sababu tawi halikuwa juu ya injini sawasawa, injini ikazunguka kwenye pini yake, rejeta ikakaa kwenye ukuta wa banda. Mtu hakuumia kwa sababu alikuwa ameenda kuchota maji. Kabari hawakuweka.

Na usafi. Udongo wetu wa Kongwa unakula chuma. Waingereza walikuja 1947 na mpango wao wa karanga, wakaleta mitambo ya kila aina, udongo huu ulipokauka ukawalia majembe, na 1951 mpango ukaachwa. Udongo ni ule ule. Upepo wa Agosti na Septemba usikukute umefungua krenki uwanjani. Osha trekta siku moja kabla, mwagia maji uwanja, tafuta turubai na ufunike vitu kila mnapopumzika. Chembe ya mchanga kwenye beringi mpya ni beringi ya zamani.

Halafu acha kulima kabla ya mvua. Watu wanakodisha trekta Novemba udongo ukiwa mwamba, dereva anashusha plau yote, klachi inalipa.

Mama Trekta, Bahi

Mimi siyo fundi, mimi ndiye ninayelipa mafundi, kwa hiyo nisikilizeni upande wa pesa.

Usimtume boda spea. Nenda mwenyewe mjini, na sahani ya zamani ndani ya mfuko. 290 zipo za miaka na viwanda tofauti, na za mkononi zimeshabadilishwa vitu na watu watatu kabla yako. Hesabu meno ya katikati ya sahani, ya gia na ya PTO, kila moja peke yake, linganisha kaunta pale pale. Pima na upana. Duka moja waliniuzia seti iliyoandikwa jina la trekta yangu kabisa kwenye boksi, meno hayakuingia, na walipoiona ina alama ya grisi wakakataa kuirudisha. Kwa hiyo jaribu ikiwa kavu, kabla hujapaka chochote.

Nunua kwa mpigo: sahani zote mbili, rilizi beringi, beringi ndogo ya katikati ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini linaloshika klachi), sili ya krenki, sili za shafti. Hizi ndogo ndogo fundi atakuambia „zipo vizuri tu“, kwa sababu hataki kusubiri. Bei yake ukilinganisha na kupasua tena ni pesa ya soda.

Presha pleti yangu, bamba linalobana sahani, haikuhitaji mpya, ilihitaji kusawazishwa. Flaiwili nayo ilikuwa na madoa ya bluu, nikaipeleka kwa mkereza vyuma akaipitisha mashine. Ila iwe na madoa tu. Ikiwa na nyufa ndefu, tafuta nyingine.

Na dereva wako, mkalishe chini. Anayeweka mguu juu ya pedali shamba zima anakula klachi yako taratibu na mshahara anadai. Mimi nilichomelea kipande cha nondo cha kupumzishia mguu pembeni. Kilisaidia kuliko maneno.

Fundi wa Kizota

Mama kasema kweli tupu, hata hilo la mafundi.

Niongeze wakati wa kurudisha, maana hapo ndipo watu wanavunja vitu vipya. Ila kwanza kutoa: boliti za klachi kwenye flaiwili zilegeze zote kwa zamu, robo robo, kuna springi ndani zinasukuma. Ile klachi yenyewe usiifumue mikononi kama hujawahi, springi hazina urafiki.

Wakati wa kufunga lazima sahani zote mbili zikae katikati, kwa sababu kuna shafti mbili, moja inapita ndani ya nyingine. Mkereza mbao akuchongee mti mmoja wenye ngazi: ncha inaingia kwenye beringi ya flaiwili, ngazi ya pili sahani ya gia, ya tatu ya PTO. Mpe vipimo kutoka kwenye sahani mpya, siyo ya zamani iliyolegea. Ukishakaza boliti zote, mti utoke kwa kuvuta na vidole viwili. Ukitoka kwa kugongwa, fungua uanze tena. Kisha pima vidole vya klachi, vyote viwe kimo kimoja. Kimoja kikiwa juu klachi itatetemeka kila ukiachia.

Meno ya shafti paka grisi kama unavyopaka mtoto mafuta ya uso usoni tu, siyo kuogesha. Ikizidi itarushwa kwenye sahani.

Sasa kuunganisha. Ingiza gia, ingiza na PTO. Sukuma injini irudi kwenye stadi mpaka meno yaguse. Kijana mmoja azungushe shafti ya PTO kule nyuma kwa mkono, taratibu, mwingine azungushe flaiwili kidogo kwa kusogeza meno yake na bisibisi kupitia tundu la stata. Kwanza shafti ya kati inaingia, unasikia imekaa, mbele inasogea. Halafu inagoma tena, hiyo ni ya pili inatafuta meno yake. Endelea kuzungusha huku mnasukuma kwa mabega. Ikibaki nafasi ya kidole kimoja shetani atakuambia uvute kwa boliti. Usikubali. Kiungo lazima kifunge chenyewe kwa nguvu za mikono, boliti ni za kukaza tu. Nimeletewa sahani mpya kabisa kitovu kimepasuka, na nyumba ya klachi imekatika sikio, zote kwa ajili ya boliti. Ikigoma, shusha au pandisha jeki kiasi cha karatasi. Karibu mara zote ni kimo, siyo meno. Zungusha macho kwenye kiungo: mwanya ukiwa mpana juu kuliko chini, unajua upande gani wa kusogeza.

Mkulima wa Mlali

Shikamoo babu, ahsante mama, ahsante fundi na kaka wa Veyula.

Nimerudi. Kitundu cha chini kilikuwa kimezibwa na matope yaliyokauka, tulipochokonoa ikatoka oili nyeusi. Kwa hiyo sili ya krenki. Yangu ni ya zamani, ina sili ya kamba iliyogawanyika nusu mbili, fundi wa Kibaigwa nilimlipa aje afunge hiyo tu, akakubali bila maneno alipoona trekta imeshapasuliwa na imesimama imara. Alizitikisa kabari akacheka, akauliza nani katufundisha.

Tulitumia chaneli mbili nilizokodi kwa mchomeleaji, na mvunguni magogo ya mninga ya mjomba. Mkwaju ulitupa kivuli. Sahani ya gia ilikuwa imebaki vichwa vya ribiti, nyingine imeloa. Meno nilihesabu kaunta, muuzaji akaniangalia vibaya, seti ya kwanza aliyoleta haikuwa yenyewe.

Kurudisha ndiko kulikotutoa jasho. Shafti ya kati iliingia mapema, ya PTO ikatugomea mpaka jua linazama. Tukaona mwanya wa juu mkubwa kuliko wa chini, tukashusha jeki kidogo sana, kijana akazungusha PTO, ikaingia na injini ikaja yenyewe mpaka ikagusa. Hakuna boliti iliyovuta.

Nimeijaribu na plau kwenye kipande cha mbugani, inavuta. Swali moja limebaki: gia zinaingia laini kabisa, ila nikitaka kuingiza PTO inakwaruza hata nikikanyaga pedali mpaka chini kabisa. Nisubiri izoee au kuna kitu?

Fundi wa Kizota

Hongera sana mkuu. Usisubiri, na usiilazimishe, utakula meno ya PTO.

Gia zikiwa laini maana yake hatua ya kwanza ya pedali ipo sawa. Hatua ya pili haifiki, PTO haiachiwi yote. Huhitaji kupasua. Kwenye nyumba ya klachi kuna kifuniko kidogo, kifungue, zungusha injini kwa mkono na betri ikiwa imetolewa waya, utaona skrubu za kurekebishia zenye nati za kufungia zikipita moja baada ya nyingine. Zote ziwe na mwanya sawa, tumia filagezi (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), kipimo chukua kwenye kitabu cha 290 na siyo cha 240. Ukimaliza kaza nati za kufungia, rudisha kifuniko na gasketi yake vumbi lisiingie, halafu angalia tena mchezo wa pedali kama alivyosema kijana wa Veyula.

Chaneli usirudishe kwanza. Piga picha ile kabari utume humu, kuna mtu wa Mpwapwa kaniuliza pembeni inafananaje.